Vibarua wa Enos

Kaloleni, Kisumu
14 Januari 2025

Kwa Waya wangu Benta, dada wa pekee wa Baba,

Habari ya Usenge, habari ya jua na omena, dagaa wetu? Sisi huku tu wazima. Mguu wa Baba unaendelea kupona. Mama anakusalimia mara mbili, moja yake na moja ya yule kuku uliyemletea, ambaye sasa ametaga. Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako, nisamehe, inasikilizwa na ufuo mzima. Nikikupigia, wanawake wa omena wananijibu kabla yako. Nasike, mchuuzi wa hapa kwetu, atazibeba barua zetu kila akija huko kununua omena, na ameapa kwamba hatazifungua.

Waya, nimeolewa. Najua unajua, lakini acha niandike nijionee mwenyewe: nimeolewa na Enos Wekesa. Asubuhi naamka mapema kidogo ili nimtazame akilala. Ana kovu dogo juu ya nyusi, na kila siku naliona kama ni la leo. Nyumba yetu hapa Kaloleni ni chumba kimoja na jikoni ndogo, lakini nikifungua mlango naona ikulu.

Najua watu huko wanasema nimeolewa na Mluhya mzoa mafuta. Waambie hivi. Supamaketi anakofanya kazi ina jikoni kubwa inayokaanga kuku na samaki mchana kutwa, na chini ya sinki kuna shimo la mafuta, yaani sanduku la zege lenye kifuniko. Maji machafu yanapita humo kwanza. Mafuta yanaelea na kubaki, maji yanaendelea kwenye bomba la maji taka. Zamani walingoja lijae, lori likaja kulinyonya, na harufu ikafukuza wateja. Enos anatumia bakteria. Wanakuja wakiwa unga wa kahawia, wamelala. Anawaloweka ndani ya mtungi wa lita ishirini kwa maji ya uvuguvugu na molasi kidogo, siku nzima, mpaka waamke na kuongezeka. Jikoni ikifungwa anawamimina shimoni, nao wanayala yale mafuta. Anawaita vibarua wake. Anasema hawaombi likizo wala hawagombanii chai.

Mtungi huo unakaa hapa kwetu karibu na jiko, kwa sababu kazini wafagiaji wanausukuma huku na huko, na vibarua wanataka joto na utulivu. Kila mara anaacha kidogo chini, iwe mbegu ya kundi linalofuata. Harufu yake, sikufichi, ni kali. Mke wa mchungaji alipokuja kutusalimia aliketi mlangoni kabisa. Niliona aibu.

Sasa nakuja kwenye hasira yangu. Hukuja harusini. Kiti chako kilikaa kitupu mstari wa mbele, kina utepe wa zambarau, na kila mpiga picha alikikuta katikati ya picha. Mzee Calvince wa ufuo wa Dunga, yule rafiki wa Baba wa zamani, alileta samaki aina ya ngege wa karamu nzima na hakukubali kulipwa. Aliniuliza, "Benta hajaja?" Nikamwambia wewe ni mgonjwa. Nilidanganya siku ya harusi yangu kwa ajili yako. Ulikuwa wapi?

Mimi mwanao,
Maryanne, mke wa Enos


Usenge
9 Februari 2025

Maryanne nyathina, mwanangu,

Nimepata barua yako, Nasike hakuifungua ila inanuka omena. Sisi tunashukuru. Mvua ya wiki iliyopita iliharibu omena iliyoanikwa juu ya nyavu, tukaigeuza chakula cha kuku. Mbuzi amezaa mapacha. Jirani yangu Sheryl amepata kazi ya kufundisha chekechea na sasa anatusalimia kwa Kiingereza.

Mwambie mkwe wangu namsalimu, na kwamba nimewaficha kuku wangu, maana ni Mluhya, mpaka nijue tabia yake.

Nimefurahi nyumba yako ni ikulu. Lakini ikulu hainuki. Nilikulea likizo zote za shule, na nilikufundisha kwamba mke mpya anapimwa kwa vyombo. Mgeni akiketi mlangoni, amekwisha kukusema. Vitu vya mume wako visugue mpaka ving'ae, hata vile vya kazi.

Kuhusu harusi, kulikuwa na kazi.

Shangazi yako,
Benta


Kaloleni
5 Machi 2025

Waya mpendwa,

Natumaini mapacha wa mbuzi wanakua. Hapa Baba ameanza kutembea bila fimbo. Nimeshona mapazia ya njano, na jua likipita kwenye mapazia hayo Enos anaonekana kama ametiwa asali. Mengine mema sina.

Wamemwita mwizi. Enos wangu, anayerudisha hata kalamu ya kuazima.

Jumamosi ya tarehe 22 Februari, saa saba mchana, supamaketi ikiwa imejaa, shimo la mafuta lilifurika. Maji ya kijivu yalitoka chini ya sinki, yakapita kwenye kaunta ya samaki, yakatoka mlango wa nyuma mpaka kwenye mtaro. Mama mmoja aliteleza na mkate wake. Maofisa wa afya wa kaunti wakaja, wakafungua kifuniko, wakakuta mafuta yameganda unene wa godoro. Wametoa onyo kwamba likifurika tena jikoni inafungwa.

Meneja wao ni Robinson. Aliwaita wafanyakazi wote karibu na karai za kukaangia, wapishi, wafagiaji, hata wasichana wa keshia, na mbele yao akamwambia mume wangu, "Wekesa, unga unauza nje, sisi unatumwagia maji ya sukari." Hakuuliza swali hata moja. Miaka minne Enos amelilisha shimo hilo na halijawahi kuziba, na siku moja ilitosha.

Amesimamishwa kazi. Tarehe 17 Aprili ataitwa kwenye kikao ajitetee, na akishindwa atafukuzwa na jina lake litapelekwa kwa kila mwenye jikoni kubwa mjini. Alirudi nyumbani mchana ule na chakula chake hakijaguswa. Aliketi kitandani akasema, "Sijui wamekufaje." Hakuzungumzia kazi yake, alizungumzia vibarua. Nilimkumbatia nikasikia moyo wake unapiga polepole kama wa mzee. Mimi wangu ulikuwa unapiga kwa ajili yetu wawili.

Na nyumba haina lawama, nilifuata maneno yako. Tangu barua yako mtungi wake unang'aa. Ile mbegu ya chini naihamishia kwenye kikombe, nasugua mtungi kwa brashi na dawa ya Jik, naacha vifuniko viwili vya Jik ndani ili harufu isirudi, kisha mbegu naimwaga humo tena. Yeye hana habari, pua yake imezoea mashimo. Nafanya kwa mapenzi tu. Mke wa mchungaji alikuja tena na akaketi kwenye kochi.

Niombee nisiende kumvuta yule Robinson tai.

Maryanne


Usenge
12 Machi 2025

Nyathina,

Salamu zote. Mbuzi wazima. Nimemwomba Nasike anisubiri niandike hii nikiwa nimesimama.

Unakijua chungu changu cha kuchachushia uji, kile cheusi. Uliwahi kuniona nikikisugua? Nakisuuza kwa maji, basi. Uji wa jana uliobaki pembeni ndio unaochachua wa leo. Sheryl alinisaidia vyombo mwaka jana akakiosha kwa sabuni ya unga, na uji wangu ulikaa siku tatu bila kuchacha, kama maji ya chokaa.

Chupa ya Jik imeandikwa inaua nini?

Nijibu jambo moja. Ulianza lini kutia Jik kwenye mtungi, na shimo lilianza lini kuganda? Mimi ndiye niliyekwambia usugue, kwa hiyo usiogope kuniandikia.

Benta


Kaloleni
30 Machi 2025

Kwa Shangazi Benta,

Habari za siku nyingi. Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na kazi. Huku mvua imeanza vizuri na sukumawiki ya nyuma ya nyumba imestawi sana. Mama amenunua kitambaa cha sare ya kwaya. Baba anauliza kama bei ya omena imepanda. Jirani yetu mmoja amepaka nyumba rangi ya waridi.

Nimempata adui wa Enos. Ni Nabwire, mpishi wa samaki. Enos mwenyewe aliwahi kusema wapishi wakimwaga maji yanayochemka na dawa za kuoshea kwenye sinki, vibarua wanaungua. Nikajiuliza ni nani aliyekuwa sinkini siku zote, na ni nani hakuja harusini wala kutuma hata sufuria. Niliandika barua kwa Robinson, kurasa mbili, nikamtaja Nabwire kwamba ana wivu na ameua kazi ya mume wangu makusudi. Robinson ameisoma. Nabwire naye amerudishwa nyumbani mpaka kikao. Enos alipojua hakufurahi kama nilivyotarajia. Aliniuliza kama nilimwona Nabwire akimwaga kitu. Nikamwambia mke hahitaji kuona ili ajue.

Ulimwengu huu, mtu akipenda sana watu wanatafuta pa kumchoma. Enos anakaa hapa anatengeneza redio za majirani bure, mikono yake mizuri ile, na wale wanaokaanga kuku wanacheka.

Kuhusu Jik, sikumbuki tarehe. Na sipendi ulivyouliza. Ulishindwa kuja kanisani saa mbili tu, sasa unataka kuingia kwenye ndoa yangu kwa mlango wa mtungi. Wewe huulizwi? Nilikuuliza ulikuwa wapi ukanijibu "kulikuwa na kazi." Mzee Calvince nikikutana naye sokoni bado anakuulizia, na mimi bado nadanganya.

Maryanne Wekesa


Usenge
6 Aprili 2025

Maryanne,

Leo sina salamu ndefu. Soma hii peke yako.

Unajua marehemu mume wangu alikuwa na mashua ya omena na taa nne za karabai. Mshika taa wake alikuwa Calvince. Ndiye aliyezijaza mafuta, akazipiga pampu na kuzitandaza juu ya maji ili omena ije. Kazi hiyo hupewa mtu unayemwamini.

Nilikuwa na miaka ishirini na ndoa ya miezi mitatu. Nilikuwa kama wewe. Nilisugua kila kitu cha yule mwanamume kwa mchanga na majivu. Siku moja niliuosha mtungi wa mafuta ya taa kwa sababu ulikuwa na matope, nikausuuza, na sikumwaga maji yote. Mafuta yakatiwa juu yake. Wakaenda ziwani, taa zikatapatapa zikazima zote nne, wakarudi na nyavu tupu. Mume wangu akafungua mtungi akakuta maji. Alisema mbele ya ufuo mzima kwamba Calvince ameuza mafuta akajaza maji. Walimvua shati, wakamfukuza Usenge na mkewe mjamzito akimfuata nyuma na godoro kichwani.

Nilikuwa nimesimama pale na sufuria mkononi. Nilijua kabla hawajamaliza kusema. Nikasema moyoni nitamwambia mume wangu jioni, hasira ikiisha. Jioni nikasema kesho. Ni miaka thelathini na moja.

Calvince hajawahi kuambiwa. Anadhani nilimhurumia, kwa sababu nililia siku ile. Ndiyo maana ananiulizia. Siku ya harusi yako nilivaa, nikafika stendi, nikakumbuka kwamba nitaketi mstari wa mbele nikila samaki wake. Nikarudi nikageuza omena juani.

Barua yako ya tarehe 5 Machi ninayo hapa. Umeandika mwenyewe: tangu barua yako mtungi unang'aa. Tarehe unaikumbuka.

Nataka uniambie, huyo Nabwire ana watoto wangapi?

Benta


Kaloleni
20 Aprili 2025, Pasaka

Waya wangu,

Ana watatu. Mdogo ana pumu.

Nilikaa na barua yako siku mbili nikiwa nimekukasirikia. Nilikukasirikia kwa ajili ya Mzee Calvince, na kwa ajili ya lile godoro. Kisha nikaenda kuichukua chupa ya Jik chini ya meza nikasoma ubavuni. Imeandikwa inaua bakteria wote. Nimeinunua kila mwezi na nimemaliza sekondari, Waya.

Nilimwambia Enos mchana, akiwa amefungua redio ya mtu. Nilisema yote bila kupumua, mbegu, kikombe, brashi. Nilingoja anifukuze. Aliweka bisibisi chini akaniuliza, "Vifuniko vingapi?" Nikasema viwili. Akahesabu kwa vidole. "Kwa lita ishirini," akasema, "hapana hata mmoja aliyetoka humo hai." Kisha akaenda nje akakaa juu ya ndoo mpaka jua likashuka. Siku mbili hakunisemesha ila kwa mambo ya chumvi. Siku ya tatu nilimkuta amesimamisha chupa mbili dirishani, kwenye mapazia yangu ya njano, zote zina unga na molasi, moja ina tone la Jik. Moja ilitoa povu mpaka shingoni. Nyingine ilikaa tu. Tulizitazama bega kwa bega, akasema, "Basi nilikuwa fundi mzuri wakati wote." Nililia kama nimeolewa upya.

Kwa Nabwire nilikwenda peke yangu, mtaa wa Nyalenda. Alikuwa anafua. Hakunikaribisha kiti na sikustahili. Nilimwambia ni mimi, na kwamba ile barua ya kurasa mbili ni uongo wangu. Alikamua nguo moja mpaka ikaisha maji ndipo akasema, "Nimekaanga samaki pale miaka tisa. Kuna siku umesikia nimekaanga jina lako?" Nikasema hapana. Akasema harusini hakuja kwa sababu alikuwa zamu, na aliyempangia zamu ni Robinson, ili Enos apewe siku ya kupumzika. Waya, nilitaka ardhi inimeze pale penye maji ya sabuni.

Tarehe 17 tulikwenda wote watatu, Enos akiwa na chupa zake mbili mikononi kama mapacha. Robinson alisikiliza, akaangalia chupa, akaniangalia mimi. Akasema, "Kwa hiyo niandike kwamba bibi harusi amewaua vibarua." Nikasema aandike hivyo hivyo na jina langu chini. Alicheka. Akasema vizuri, yameisha, Wekesa na Nabwire warudi Jumatatu ya Pasaka ikipita, tusiongeze maneno.

Hapo, Waya, hasira zangu zote za miezi miwili zilipata kazi ya kufanya. Nilimwambia kosa ni langu na nimekuja na miguu yangu kulisema. Lakini yeye hakuwa na mtungi wala Jik, alikuwa na mdomo tu, na alimwita mume wangu mwizi mbele ya jikoni nzima bila kuuliza swali moja. Kama aliita mbele ya jikoni, afute mbele ya jikoni. Akasema mimi si mfanyakazi wake. Nabwire, ambaye hana sababu yoyote ya kunipenda, akasema, "Mimi ni mfanyakazi wako, na nataka hivyohivyo." Enos aliziweka chupa juu ya meza ya Robinson, juu ya makaratasi, na hakuziondoa.

Tulishuka. Robinson alisimama karibu na karai akiangalia chipsi, akasema Enos Wekesa hakuiba, Nabwire hakumwaga kitu, na yeye alisema haraka. Aliongea chini chini. Msichana wa keshia akasema hatujasikia, bosi. Akarudia.

Mtungi umehamia kazini, ndani ya kabati lenye kufuli, na umeandikwa kwa wino mwekundu: USIOSHWE. Nyumba yetu sasa inanukia mapazia tu, na nimeikumbuka ile harufu.

Mzee Calvince bado yuko Dunga, anaziba mashua za watu nyufa. Nilimwona Ijumaa Kuu akipita na nyundo yake. Aliniuliza, "Benta amepona?" Nilisema sijui. Sijamwambia neno lingine. Hilo si langu.

Nakupenda, na bado nimekasirika.
Maryanne


Usenge
24 Aprili 2025

Nyathina,

Jumanne nakuja na pikapu ya Nasike. Nitakaa mbele, na nimemwambia asinipigie hadithi njiani.

Usinipikie, na usitandike kitanda. Kaloleni nitafika jioni, kama nitakuwa na uso wa kufika nao. Nikishuka nishike mkono unipeleke Dunga kwanza, na ukishanionyesha alipo, uniache. Nitamwambia mahali penye watu. Alifukuzwa mbele ya watu.

Benta